Mwanamke anabenchi kilo ngapi?

Swali hili la kubenchi, yaani kulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma kutoka kifuani, naulizwa kila mara, na wanaoliuliza ni wa aina mbili. Kuna dada aliyeanza mazoezi juzijuzi, anataka kujua kama yuko nyuma ya wenzake. Na kuna kaka aliyekaa pembeni na chupa yake ya maji, anasubiri nitaje namba ili aseme, "Mbona hiyo mimi napashia mwili tu?" Huyu wa pili simjibu. Wa kwanza namrudishia maswali: una uzito gani, umefanya mazoezi kwa muda gani, na unatumia chuma kipi?

Hilo la chuma watu hulipuuza, wakati ndilo linaloharibu hesabu nyingi. Chuma cha Olimpiki cha wanaume kina kilo 20 kikiwa kitupu. Cha wanawake kina kilo 15, ni kifupi kidogo, na unene wake pale unaposhika ni milimita 25 badala ya 28. Hicho cha 15 ni nadra sana kukikuta kwenye jimu zetu. Utakuta cha 20, au kile chembamba cha dukani ambacho hakifiki hata kilo 10. Ukienda jimu za uswahilini, ambazo mimi nazipenda kwa kuwa ni nafuu na watu wake hawana maringo, utakuta bomba la chuma, gia za magari, na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Makopo mawili yanafanana kwa macho, moja likazidi lingine kwa kilo nzima. Na wapo watu wanaohesabu vyuma vya pembeni tu, wakasahau kile kirefu cha katikati.

Kwa hiyo dada wawili wanaweza kusema "nabenchi 40" na wakawa wanazungumzia mizigo iliyopishana kwa kilo 15. Kabla hujajilinganisha na mtu, pima vyuma vyako. Mnunuzi wa vyuma chakavu ana mizani, na hakuna aliyewahi kunikatalia nipimie hapo. Kisha andika uzito wa kila kopo kwa rangi au chaki.

Sasa namba zenyewe. Dada ambaye hajawahi kunyanyua chochote kwa mpangilio, akiweza kushusha chuma kitupu cha kilo 20 mpaka kifuani na kukipandisha mara tano bila kuyumba, huyo ameanza vizuri. Wengi hawawezi siku ya kwanza, na si ajabu. Wao waanze na dambeli, au pushapu za kuegemea meza au ukingo wa kitanda, baada ya wiki kadhaa chuma kitakubali. Akiendelea miezi kadhaa bila kuruka, nusu ya uzito wa mwili wake ni lengo la kawaida kabisa: mwenye kilo 60 abenchi 30. Robo tatu, yaani 45 kwa huyohuyo, ni mtu aliyetulia kwenye mazoezi. Kubenchi uzito wako mzima mara moja, kwa kugusa kifua kweli, ni jambo ambalo kwenye jimu ya kawaida unaweza kukaa muda mrefu usilione kwa mwanamke hata mmoja. Vipimo hivi makocha huvitumia kama rula ya kukadiria. Mwenye mikono mirefu ataona tabu zaidi, na mwenye mwili mkubwa atafika kilo nyingi lakini atapata shida kufikia uzito wake mzima.

Mimi nina kilo 64. Nabenchi 55 nikituliza chuma kifuani kabla ya kusukuma, na imenichukua miaka. Nikidundisha chuma kifuani kama wafanyavyo wengi nitafika 60, ila hiyo siihesabu.

Halafu kuna wale ambao hawako kwenye rula yetu kabisa. Kwenye Michezo ya Paralimpiki, ile ya watu wenye ulemavu, ya Paris mwaka 2024, Folashade Oluwafemiayo wa Nigeria alibenchi kilo 167 kwenye kundi la wanawake wa zaidi ya kilo 86. Mwenzake Onyinyechi Mark alibenchi 150, naye yuko kundi la wasiozidi kilo 61. Soma tena hiyo ya pili. Na kumbuka kwamba katika mchezo huo miguu hulazwa juu ya benchi, na mshindani anaweza kufungwa mkanda. Huna pa kukanyaga ukapata msaada wa miguu kama sisi. Wanawake waliingizwa kwenye mchezo huo wa Paralimpiki kuanzia Sydney mwaka 2000. Na kwa majirani zetu hapa, Hellen Wawira wa Kenya alichukua shaba Birmingham mwaka 2022 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Nikitaka kumnyamazisha yule kaka wa chupa ya maji, humtajia pia Jen Thompson, mwalimu wa hesabu wa Marekani aliyewahi kubenchi zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Kisha namuuliza huyo kaka ana kilo ngapi na anabenchi ngapi. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Ni kweli kwamba kwa wastani wanaume wanatuzidi sana juu ya kiuno. Miguu yetu hufikia kama theluthi mbili ya nguvu za miguu yao, lakini kifua, mabega na mikono huwa karibu na nusu. Ndiyo maana dada anaweza kuchuchumaa na mzigo wa kuheshimika huku kwenye benchi anahangaika. Usiuone mwili wako una kasoro. Ukifanya mazoezi, nguvu inaongezeka kwa asilimia zisizopishana sana na zao. Tofauti kubwa iko kwenye mahali tunapoanzia.

Na hapo nafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linawakwamisha dada wengi kuliko udhaifu wowote: hatua za kuongeza mzigo kwenye jimu zetu zimepangwa kwa ajili ya wanaume. Chuma kidogo kabisa cha pembeni huwa cha kilo 2.5. Ukiweka kila upande, umeongeza kilo 5. Kaka anayebenchi 80 akienda 85 ameongeza asilimia 6 hivi. Wewe unayebenchi 25 ukienda 30 umeongeza asilimia 20. Hakuna kocha mwenye akili ambaye angemwambia yule kaka aruke kutoka 80 kwenda 96 wiki ijayo, lakini ndicho tunachoambiwa sisi kila siku. Unajaribu 30, inakulalia kifuani, unarudi 25, unakaa hapo mwaka mzima, mwisho unaamini kwamba benchi si mchezo wa wanawake.

Dawa yake ni vyuma vidogo. Jimu ikiwa na vya kilo 1.25, vitafute, huwa vimetupwa kona nyuma ya mikeka kwa sababu hakuna anayevithamini. Kama havipo, tengeneza. Mimi nilinunua washa kubwa za chuma, zile pete bapa za kuwekwa chini ya nati, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba muuza mchele anipimie mafungu mawili ya nusu kilo, nikayafunga kwa mpira wa tyubu ya bodaboda. Yananing'inia pembeni mwa chuma, moja kila upande, na yamekazwa yasicheze. Yanachekesha kuyatazama. Lakini kwa hayo naongeza kilo moja badala ya tano, na kilo moja mwili unaikubali. Vyuma vya miguu vya kufunga kwa mkanda navyo vinafaa, ukihakikisha viwili vina uzito sawa.

Pale ambapo huna namna ya kuongeza kilo, ongeza mara. Kaa kwenye mzigo uleule, utoke mara tano ufike nane, kisha kumi, ndipo uruke. Wanawake wengi ninaofanya nao mazoezi wanamudu kurudia mara nyingi kwa mzigo ulio karibu na mwisho wao, na hurudisha nguvu haraka kati ya seti, yaani kati ya fungu moja la marudio na lingine. Tumia hiyo. Kuna hesabu rahisi ya kukisia mwisho wako bila kuujaribu: chukua idadi ya mara, gawa kwa 30, ongeza 1, zidisha kwa mzigo. Aliyebenchi 35 mara nane anakisiwa kufika 44 hivi kwa mara moja. Ikipita mara kumi hesabu hiyo huanza kudanganya.

Benchi mara mbili kwa wiki, hata tatu. Wanaofanya siku moja ya "kifua" kama ratiba za wajenga mwili wanajinyima, kwa sababu kubenchi ni ufundi pia, na ufundi unataka kurudiwa.

Ufundi wenyewe. Lala, macho yawe chini ya chuma. Vuta mabega nyuma na chini kana kwamba unataka kubana kalamu katikati ya mgongo, na uyaache hapo mpaka umalize seti. Kichwa, mabega na makalio viguse benchi, nyayo zikanyage chini. Ukiwa mfupi na miguu inaelea, weka matofali au vyuma bapa chini ya nyayo. Hilo kwa wanawake ni la kawaida kwa sababu mabenchi mengi ni marefu kwetu. Kidole gumba kizunguke chuma, usikiache upande mmoja na vingine. Shusha chuma kwenye usawa wa chini ya matiti, viwiko visitanuke kama mabawa wala visibane mbavu. Vuta pumzi kabla ya kushusha, itoe ukishapita sehemu ngumu.

Mgongo utajikunja kidogo uache nafasi juu ya benchi. Hiyo inaruhusiwa na inalinda mabega. Wapo wanaojikunja mpaka chuma kinasafiri kama sentimita tano tu, na ubishi wake ulikuwa mkubwa mpaka IPF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa powerlifting, likaweka kanuni kuanzia 2023 kwamba viwiko vishuke angalau hadi usawa wa juu ya bega. Kwetu huku tatizo lake ni macho ya watu zaidi kuliko kanuni. Navaa tisheti ndefu, nachagua benchi inayotazama ukuta, na nimezoea.

Kuna mambo madogo ambayo kocha wa kiume hatakwambia kwa kuwa hayajui. Sidiria yenye waya itakuchoma, vaa ya michezo. Ukiwa umejifunga hijabu, pini isikae kisogoni. Nywele ukizikusanya fundo kisogoni kichwa hakitulii kwenye benchi, na shingo itakuuma jioni. Zifunge utosini au ziache. Siku za hedhi mimi hubenchi kama kawaida ila sijaribu namba mpya, kwa kuwa tumbo likikaza siwezi kubana pumzi vizuri. Rafiki yangu mmoja yeye ndiyo siku zake nzuri. Sikiliza mwili wako.

Je, matiti yatapungua? Titi lina mafuta na tezi, na msuli wa kifua uko chini yake. Kubenchi hakuyeyushi titi. Ukipungua mwili wote kwa lishe, nayo yatapungua, benchi haihusiki. Na kifua cha kiume huwezi kukipata kwa bahati mbaya. Wanaume wenyewe, wenye homoni ya testosterone mara nyingi zaidi yetu, wanakitafuta kwa jasho.

Kula. Huwezi kubenchi kwa chai na chapati moja. Kadiri gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo mayai peke yake hayatakufikisha. Dagaa wakavu, maharage, maziwa, samaki. Dagaa ni nafuu, na unga wa protini wa kwenye makopo nautazama tu.

Ukifanya peke yako, usifunge vibanio vya pembeni. Chuma kikikulalia, inamisha upande mmoja vyuma vimwagike, kisha upande wa pili utajirusha wenyewe. Kelele itakuwa kubwa na watu watageuka. Wageuke. Kama jimu ina vyuma vya usalama vya pembeni, viweke chini kidogo ya kifua chako kilichojaa hewa.

Siku ya kupima mwisho wako uwe umepumzika jana yake. Tuseme unatafuta 40: chuma kitupu mara nane, 27.5 mara tano, 32.5 mara mbili, 37.5 mara moja, pumzika dakika nne au tano, ndipo 40. Tafuta mtu wa kusimama kichwani, na umchague anayesikia. Mwambie mapema asiguse chuma mpaka kianze kurudi chini au umwite. Kaka zetu wana huruma ya haraka, utawaona wanashika kwa vidole viwili huku wanapiga kelele "ni wewe mwenyewe, ni wewe mwenyewe!" Si wewe mwenyewe. Akigusa, namba hiyo futa, pumzika, rudia na mtu mwingine.