Milima tunayoiona kwa mbali

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni njia gani ya miguu tungemshauri mwenzetu aipite walau mara moja. Mie nataja ile ya milima ya Usambara, mkoani Tanga, kutoka Lushoto mpaka Mtae, na namwambia hasa Mpemba mwenzangu.

Sisi wa Wete milima ile tunaijua kwa macho tu. Mvua ikikatika na hewa ikasafika, asubuhi huonekana ng'ambo ya bahari kama wingu lililogoma kuondoka. Nimeiangalia tangu utoto. Julai moja mtoto wa kaka yangu, anayekaa Tanga, akanambia, "Shangazi, njoo nikupeleke."

Gari hupanda kutoka Mombo, kona juu ya kona, likapita Soni hadi Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Hapo uko kama mita 1,400 juu ya bahari. Vilima vyetu havifiki hata 150. Kuanzia hapo ni miguu, siku tatu. Msitu wa Magamba una baridi na kiza, mbega wanaruka juu yako, ukungu unalowesha mtandio. Pumzi zilinipaa. Kijana aliyetuongoza hakunihimiza hata mara moja: kila penye mwinuko alisimama, akainama kufunga viatu vilivyokwisha fungwa.

Lakini kilichonikaa moyoni ni Lukozi, kijiji cha njiani. Wanawake wanateremsha mboga kichwani kutoka mashamba yaliyoning'inia mlimani. Wanaume wanashindilia kabichi guniani mpaka lifure, kisha wanaongeza kilemba juu na kukishona kwa kamba. Ndiyo lumbesa hiyo, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Nikamuuliza mama mmoja zinakwenda wapi. "Tanga, Dar, na kwenu huko visiwani." Miaka yote nanunua kabichi sokoni Wete na kulalamikia bei, shingo zilizozibeba sijapata kuziona. Nilichukua mbili kwa bei aliyoitaja yeye. Usiku wa pili, Rangwi, masista waliotulaza walitupikia.

Siku ya tatu ni Mtae. Kijiji kiko ukingoni, ardhi inakatika ghafla. Chini tambarare ya Mkomazi, mbele milima ya Upare. Nilikaa pale mpaka magharibi.

Nendeni kiangazi, maana masika udongo ule unateleza. Na sweta mchukue. Baridi ya Julai kule kanga haiiwezi.