Itadaku: kitenzi cha adabu cha kukishika mapema katika Kijapani

Ukila na Wajapani, "itadakimasu" utaisikia kabla ya mlo. Watu huunganisha viganja, hulitamka, ndipo hula. Wanafunzi wengi ninaokutana nao huishia hapo. Mimi nakushauri ukifuate kitenzi chenyewe, itadaku, kabla hujazama kwenye orodha ndefu za maneno ya heshima, maana chuoni na ofisi za manispaa hakuna kilichonisaidia kama hiki.

Itadaku ni kupokea, na pia kula au kunywa, ila anayepokea hujishusha ili kumpandisha anayempa. Ndiyo maana mtendaji wake huwa wewe au mtu wa upande wako. Ukimkaribisha mgeni chakula, "itadaite kudasai" inamshusha yeye. Mwambie "meshiagatte kudasai".

Nguvu yake hasa iko pale kinapofuata umbo la -te, yaani umbo la kitenzi linalokiunganisha na kitenzi kinachofuata. Ukimwomba profesa apitie rasimu yako, unaandika "mite itadakemasen ka", yaani unauliza kama unaweza kupata hisani ya yeye kuitazama. Hapa sisi Waswahili tuna mtaji. Anayesema "niandikie" tayari anajua kwamba kitenzi kinaweza kuonyesha nani ananufaika. Kijapani kinaongeza swali la hadhi: kwa rafiki utasema "mite moraeru?", kwa profesa itadaku.

Chunga sana "ni" na "ga", vijineno vinavyofuata jina kuonyesha kazi yake katika sentensi. "Sensei ni oshiete itadakimashita": mtendaji ni mimi, niliyefundishwa na mwalimu. "Sensei ga oshiete kudasaimashita": mtendaji ni mwalimu, aliyenifundisha. Zote mbili ni shukrani nzuri. Tangu nilipoanza kujiuliza kwanza mtendaji ni nani, sentensi hizi zilinyooka zenyewe, wala sikuhitaji kukariri tafsiri.

Kwetu tuliolelewa na shikamoo, kizito zaidi ni kwamba umri na cheo havitoshi kuamua. Ukizungumza na mteja wa kampuni nyingine, bosi wako anahesabika mtu wa nyumbani, hata awe mzee kiasi gani. Unasema "buchō ni oshiete moraimashita" (nilifundishwa na mkuu wa idara), bila kumpandisha. Hili lifanyie mazoezi kwa sauti, kwa sababu moyo hukataa.

Kuna pia "sasete itadaku", ya kuomba ruhusa: "hayaku kaerasete itadakemasen ka", naomba kuondoka mapema. Siku hizi imeenea hadi pasipo na ruhusa yoyote inayoombwa. Mwongozo wa keigo, yaani lugha ya heshima, uliotolewa mwaka 2007 na Baraza la Utamaduni la Japani unataja masharti mawili: uwe unafanya jambo kwa ruhusa ya mwingine, na uwe unanufaika nalo. Yashike yote mawili, kwani mgeni anayeimwaga kila mahali huchosha masikio.

Anzia kwenye barua pepe, na "-te itadakemasen ka" peke yake. Kwenye maandishi unapata nafasi ya kukagua "ni" na "ga" kabla ya kutuma.