Pancha ya tairi la Subaru: usiseme "linazibika" kabla hujalivua

Mwaka wangu wa kwanza kwenye gereji ya matairi Ilala nilikuwa na mkono mwepesi. Mteja hajazima injini, mimi nimeshauona msumari, nimeuchomoa kwa plaizi, nimesukumia ile kamba ya mpira kwa sindano yake, nimekata mkia, nimejaza upepo na kumwagia maji ya sabuni. Dakika kumi, hela mkononi. Bosi alikuwa ananisifia mbele ya wenzangu. Sasa nyie vijana mnaoanza kazi, hasa mtakaoletewa Impreza, Mark X na magari mengine ya watu wenye mguu mzito, sikilizeni mkono ule ulinifikisha wapi.

Ilikuja Impreza WRX, matairi ya saizi 225/45R17. Skrubu ilikuwa imeingia kashata, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, ya pembeni kabisa, pale begani ambapo tairi linaanza kukunja kwenda ubavuni. Nikapachika kamba, jamaa akaondoka. Siku tatu baadaye akarudi na tairi ndani ya buti. Hakugomba. Alilibwaga mbele yangu akasema, "Dogo, tia mkono ndani." Ubavu ulikuwa umechanika urefu wa kiganja, na vidole vyangu vilitoka vyeusi kwa unga laini wa mpira, kama masizi ya chungu. Lilimpasukia barabara ya Morogoro, amepita Mlandizi, akiwa kwenye mia na kumi hivi. Alilimudu gari. Mimi nilikosa hata neno la kumwambia.

Ule unga haukutokana na skrubu. Kabla hajafika kwangu mara ya kwanza, alishatembea na tairi lisilo na upepo, akidhani ubovu ni wa barabara. Upepo ukipungua, ubavu unajikunja kila tairi linapozunguka, unachemka, mpira wa ndani unasagika na nyuzi zinaanza kuachia. Piga hesabu mwenyewe: duara la 225/45R17 ni karibu mita 2, kwa hiyo kwenye kilomita 120 kwa saa linazunguka kama mara 1,000 kila dakika. Nje tairi lilikuwa linang'aa. Ningelivua ningeona.

Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kushika plaizi, namhoji mteja. Ulilikuta limelala asubuhi, au ulilisikia barabarani? Ulitembea nalo kiasi gani baada ya hapo? Wengi watakwambia, "Nilisimama palepale," na wengine wanaamini hivyo kweli. Wewe sikiliza, kisha piga chaki pale msumari ulipo, livue kwenye mashine na ulikague ndani kwa taa. Angalia kwa macho kwanza, kiganja baadaye, maana waya wa chuma ukichomoza unachana vibaya. Kovu langu la kidole gumba lilipatikana hivyo. Ukikuta mstari uliochubuka umezunguka ubavu wote, au unga, au mikunjo, au nyuzi zinaonekana, tairi hilo limekufa hata kama tundu lenyewe ni la pini.

Likiwa zima ndani, sasa tuongelee tundu. Chini ya kashata kuna mikanda ya waya wa chuma, na pale katikati hapajikunji sana, kwa hiyo kiraka kinapata pa kushika. Begani na ubavuni hapatulii, na hapazibwi. Waingereza kwenye kiwango chao cha BS AU 159 wanaruhusu kuziba robo tatu za katikati za upana wa kashata, tundu lisizidi milimita 6. Wamarekani wanasema robo inchi, karibu yaleyale. Mimi natembea na biti ya drili ya milimita 6 mfukoni: ikiingia na kuchezacheza, sizibi.

Na kuziba kwenyewe ni kile kiraka chenye mkia, kilichokaa kama uyoga. Mkia unajaza tundu, kofia inashika ndani. Kamba peke yake haifuniki utando wa ndani unaozuia upepo. Kiraka bapa peke yake kinaacha tundu wazi kwa nje, maji yanaingia, waya zinaota kutu na mkanda unakuja kuachana na mpira. Sugua bila kufikia nyuzi, paka solusheni, ile gundi ya kiraka, halafu subiri ikauke. Hapo kwenye kusubiri ndipo vijana wengi wanapoharibu, kwa sababu mteja amesimama anachezesha funguo. Mpe kiti. Kuna mafundi watakaokwambia tia tyubu yaishe. Kwenye ubavu mfupi wa sentimita 10 tyubu inasuguana na kuongeza joto, na ubavu mbovu ni uleule unaobeba gari.

Yapo maandishi mengine ubavuni ambayo fundi pancha wengi hawayasomi. 91W maana yake tairi linabeba kilo 615 na limeruhusiwa hadi kilomita 270 kwa saa. V ni 240, Y ni 300. Wapo watengenezaji wanaokubali tairi lao lizibwe, lakini hawaliidhinishi tena kwa kasi hiyo. Mtu wa foleni ya Mandela kwenda kazini na kurudi namzibia bila wasiwasi. Anayeniambia Jumamosi anakwenda kukimbiza, namwambia wazi kwamba kiraka changu hakifai kwa safari hiyo, anunue.

Kununua nako kuna mtego wake, na kwenye Subaru mtego ni mkubwa. Gari linavuta magurudumu yote manne. Kashata ikiisha kwa milimita 1, duara la tairi linapungua zaidi kidogo ya milimita 6, na Subaru wenyewe hawataki tofauti ya duara ipite robo inchi, ambayo ni hiyohiyo. Kwa hiyo ukimfungia tairi moja jipya lenye milimita 8 pamoja na matatu ya zamani yenye milimita 4, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, itazungushwa bila kupumzika mpaka ichemke. Pima kashata zote kwanza. Kuna siku utamwambia mtu mwenye pancha moja kwamba anahitaji matairi manne, naye atakuona mwizi. Mpe kipimo ashike mwenyewe, apime mwenyewe. Wa kuvuta magurudumu mawili anunue angalau pea, jipya na jipya kwenye ekseli moja.

Mteja akikataa, mrudishie tairi lake na usilizibe "kwa muda tu". Akiliacha kwako, chukua kisu ulichane ubavu siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nayarundika nyuma ya kontena, mpaka siku moja napita sehemu ya matairi ya mtumba nikaona moja limechongwa kashata upya na kupakwa rangi nyeusi tii. Nilichungulia ndani na kukuta mduara wangu wa chaki ukiwa palepale begani.