Kufuli kwenye begi la basi

Dada, umeuliza kama begi la kwenye buti lifungwe kwa kufuli ukitoka Kampala kwenda Nairobi kwa basi. Funga, ila usiitegemee sana. Zipu huachanishwa kwa ncha ya kalamu tu, kisha vishikizo vikipitishwa tena juu yake inajifunga, wala hutajua. Kufuli inamzuia yule anayepapasapapasa wakati mizigo inashushwa njiani. Ufunguo uwe mfukoni mwako: ukifika mpakani, Busia au Malaba, watu wa forodha wanaweza kutaka kuona ndani, na dereva hana subira. Pasipoti, pesa na dawa kaa nazo mapajani. Halafu funga kitambaa chekundu kwenye mpini. Mabegi meusi yanafanana mno, na anayeondoka na lako huenda hata si mwizi, amekosea tu.