Kwa Mfanyakazi wa Ngono Anayeanza Kutafuta Wateja Mtandaoni

Madhara mengi huanzia kwenye kujisajili. Mtu anatumia namba ileile anayoongea nayo na mama yake, kisha anairuhusu programu isome majina yote yaliyo kwenye simu. Mtandao unaanza kupendekeza watu: mteja anaonyeshwa ukurasa wako wa familia, shangazi anaonyeshwa ule wa kazi. Hilo likishatokea, kufuta akaunti hakusaidii kitu. Tafuta laini nyingine, barua pepe nyingine, na ukiweza simu nyingine. Programu ikiomba majina ya simu, ikatalie.

Picha za kazi ziwe mpya. Iliyowahi kuwekwa kwenye ukurasa wako binafsi inaweza kupatikana haraka na anayejua kutafuta kwa picha. Zima pia taarifa za mahali kwenye kamera. Mitandao mikubwa mingi huziondoa unapopakia, ila picha ikitumwa kama faili au kwa barua pepe huenda nazo. Kisha tazama kilicho nyuma yako: mandhari ya dirishani, nembo ya shule, tatuu.

Ukurasa si mali yako. Aprili 2018 serikali ya Marekani iliufunga Backpage, mtandao wa matangazo uliotumiwa sana na wafanyakazi wa ngono, na siku chache baadaye ikasainiwa FOSTA, sheria inayoziwajibisha tovuti kwa matangazo ya ukahaba. Watu wakapoteza matangazo na wateja kwa mkupuo. Agosti 2021 OnlyFans, mtandao ambao watu huwauzia wafuasi picha na video zao, ilitangaza kupiga marufuku maudhui ya ngono waziwazi, ikarudi nyuma ndani ya wiki moja. Kwa hiyo usilaze salio humo, litoe mara kwa mara, na orodha ya wateja unaowaamini iwe mahali pengine penye nenosiri. Malipo ya kadi mteja anaweza kuyadai yakarudishwa kwake wiki kadhaa baadaye, hata kama kazi imeshafanyika. Baadhi ya njia za malipo humwonyesha mlipaji jina lako halisi. Jaribu kwanza kwa kujitumia kiasi kidogo kutoka akaunti ya rafiki.

Kuhusu kumhakiki mteja, pande mbili zinagongana, na kila upande una haki. Wewe unataka kujua ni nani anakuja. Yeye anaogopa kitambulisho chake kisigeuzwe fimbo ya kumchapia. Naye hutapeliwa: analipa malipo ya awali kwa ukurasa wenye picha za kuiba, halafu anafungiwa. Simu fupi ya video kabla ya pesa huwatuliza wote wawili. Ulizia namba yake kwa wenzako. Ukipokea kitambulisho, kifute mkiachana salama. Rafiki unayemwamini awe na mahali unapokutana na mteja, namba ya mteja, na saa ya kukupigia.

Ukitishiwa kuanikwa, usilipe. Anayelipwa mara nyingi hurudi kudai zaidi. Kabla ya kumfungia, piga skrinishoti ya vitisho, jina la akaunti, kiungo chake na tarehe, kwa sababu ukimfungia kwanza mazungumzo yanaweza kupotea. Ikiwa anazo picha zako za faragha ulizopigwa ukiwa na miaka 18 au zaidi, tumia StopNCII, huduma ya bure ya mtandaoni ya kuzuia picha za faragha zisisambazwe. Picha haitoki kwenye simu yako: hutengenezwa alama ya kidijitali tu, na mitandao iliyojiunga na mpango huo huitumia kuizuia ikipakiwa.