Nimenakili C yote kwenye SSD, mbona kompyuta haiwaki?

Swali: Mtaalamu, kompyuta yangu mpakato ina Windows 10 na diski ngumu ya GB 500 ambayo siku hizi imekuwa nzito mno. Nilinunua SSD (diski ya kasi) ya GB 240, nikaiunganisha kwa adapta ya USB na kunakili patisheni ya C yote, yaani ile sehemu ya diski yenye Windows. Faili zangu zote, kama GB 160, zinaonekana. Lakini nilipoifunga ndani ya kompyuta na kuwasha, niliambiwa hakuna diski ya kuwashia. Sitaki kusakinisha Windows upya, kwa sababu fundi aliyeniwekea programu ya uhasibu hayupo tena. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ndugu msomaji, ulichokiacha ni patisheni ndogo ambayo hujawahi kuiona, kwa kuwa Windows haiipi herufi. Kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye huwaka kwa UEFI, utaratibu wa kisasa wa kuwashia kompyuta, na diski zake huwa na patisheni ya EFI ya takriban MB 100, nyingine ya MB 16 iliyotengwa na Microsoft, kisha ndiyo C, na mara nyingi moja ya uokoaji. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, ubao mama hauangalii C hata kidogo. Huitafuta patisheni ya EFI, ambamo hukaa programu ya kuanzishia Windows pamoja na faili ya BCD inayoeleza Windows yenyewe iko diski gani na patisheni gani. SSD yako ina C peke yake, kwa hiyo hakuna wa kuianzisha.

Kabla hujarudia kazi, nina wasiwasi na huo uzito wa diski ya zamani. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kukagua diski, uone hali ya afya inayoonyesha. Ikionyesha tahadhari au rangi nyekundu, usianze kunakili chochote kabla hujahamishia data za uhasibu kwenye flashi, maana kunakili hulazimisha diski isomwe mfululizo kwa muda mrefu, na diski inayokata roho inaweza kufia hapo hapo. Kwa diski ya namna hiyo mafundi hutumia programu ya kunakili iitwayo ddrescue kwenye mfumo wa Linux, ambayo huruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni.

Diski ikiwa nzima, nakili diski yote na si C. Kwa kuwa unatoka diski kubwa kwenda ndogo, programu ya kunakili iitwayo Clonezilla itakusumbua, kwani kwa kawaida hutaka diski pokezi iwe na ukubwa uleule au zaidi. Samsung na Crucial huwapa wanunuzi wa SSD zao programu ya kunakili bila malipo, na programu za aina hiyo huweza kupunguza C wakati wa kunakili mradi data zilizomo zinaenea. Tazama kama mtengenezaji wa SSD yako naye anayo. Ikiwa C imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data kwa ufunguo, ifungue kwanza na uhifadhi mahali pengine ule ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Kwa adapta ya USB 2.0, GB 160 zitachukua saa moja na nusu hivi, kwa hiyo chomeka chaja na uhakikishe betri imejaa, umeme usije ukakukatisha katikati.

Hatua inayohitaji utulivu kuliko zote ni ile ya kuchagua chanzo na pokezi. Katika orodha, GB 500 itasomeka kama GB 465, na GB 240 kama GB 223, kwa sababu Windows huhesabu kwa 1,024 na watengenezaji kwa 1,000. Soma namba hizo mara mbili. Nimewahi kuletewa kompyuta ambayo mwenyewe aligeuza chanzo kuwa pokezi, akaifuta diski yenye kazi zake kwa ile tupu, na tulichofanikiwa kumrudishia kilikuwa kidogo sana.

Kama hutaki kurudia, unaweza kuijenga patisheni ya EFI kwenye SSD uliyo nayo, mradi iliandaliwa kwa GPT, mpangilio wa kugawa diski unaotumiwa na UEFI. Ikiwa SSD ndiyo diski pekee iliyomo, washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, bonyeza Shift na F10, andika diskpart, kisha list volume ili uone C imepewa herufi gani, kwa sababu hapo hubadilika. Ichague kwa select volume na namba yake, halafu andika amri hizi moja baada ya nyingine:

shrink desired=200
create partition efi size=100
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Mahali pa C weka herufi uliyoiona. Kompyuta ikiwa ya BIOS ya zamani, utaratibu wa kuwasha uliotangulia UEFI, amri hizi hazikufai. Utajua kwa kufungua msinfo32, programu ya Windows ya taarifa za kompyuta, ukiwa umewasha kwa diski ya zamani, kwenye mstari wa hali ya BIOS.

Usiwashe mara ya kwanza diski zote mbili zikiwa zimeunganishwa. Pacha aliyenakiliwa diski nzima huweza kubeba utambulisho uleule wa mwenzake, na Windows ikiziona pamoja huizima moja, au huwaka kwa ile ya zamani huku wewe ukidhani uko kwenye mpya. Ichomoe ya zamani, funga SSD mahali pake, washa, fungua programu ya uhasibu na uchape ripoti moja halisi. Diski ya zamani iweke kabatini wiki mbili au tatu bila kuifuta, mpaka umefunga hesabu za mwezi mmoja ukiwa kwenye SSD.