Rod Si Fimbo Tu: Neno Lililonikosesha Malipo

Wiki iliyopita binti mmoja anayeanza kazi ya kutafsiri aliniandikia: "Shikamoo dada, rod ni fimbo, eti?" Nilishindwa kumjibu siku ile. Swali hilohilo liliwahi kunila wiki tatu za kazi.

Nilipewa kitabu cha matengenezo ya injini ya boti. Kila penye rod nikaweka fimbo, nikajiona bingwa kwa kutoazima neno la Kizungu hata moja. Mteja akampa fundi wake asome. Alipofika kwenye "fimbo ya kuunganishia" akauliza, "Hii fimbo iko wapi humu ndani?" Kazi ikarudi, na nusu ya pesa yangu sijaiona mpaka leo. Inaniuma bado, maana nilikesha.

Nikaenda kwenye gereji moja mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Fundi akaniwekea kiganjani chuma kizito kinachonuka oili, tundu kubwa huku, dogo kule. "Konrodi hiyo, dada. Hapa padogo pistoni, hapa pakubwa inakamata kranki." Kumbe ndiyo ile "fimbo ya kuunganishia" yangu: inaunganisha pistoni inayopanda na kushuka na kranki, mhimili unaozunguka. Ya kwenye usukani ni tairodi. Dukani kwa vifaa vya ujenzi, rod ni nondo. Kwa mchomeleaji ni kijiti cha kuchomelea, kwa mvuvi ni ufito wa kuvulia. Na kwenye hati ya zamani ya shamba la Uingereza ni kipimo: futi 16 na nusu, na rodi za mraba 160 ndizo ekari moja. Andika fimbo hapo uone kesi itakayofuata.

Mdogo wangu, kitu kione kwanza, kamusi baadaye. Muulize anayekishika kila siku. Usione haya kuuliza; nakwambia tena, uliza! Mimi niliona haya, nikalipia.

Wala usidhani haya ni ya gereji tu. Fungua Biblia ya Muungano ya 1952. Mithali 13:24, asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe. Zaburi 23:4, "Gongo lako na fimbo yako vyanifariji." Kwa Kiebrania, fimbo ya Mithali na gongo la Zaburi ni neno moja, *shevet*. Baba wa Mithali ana mtoto mbele yake, akapewa fimbo. Mchungaji wa Zaburi yuko bonde la uvuli wa mauti na kondoo wake, na huko porini mnyama mkali hupigwa kwa gongo.